Neno "Mabepari" katika Tafsiri ya Mwalimu Nyerere

Waandikao habari za Mwalimu Julius K. Nyerere baada ya Uhuru hutaja kujiuzulu kwake Uwaziri Mkuu Januari 1962, majuma sita tu baada ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Hutaja Urais, Azimio la Arusha la 1967, na kung'atuka kwake mwaka 1985 (neno ambalo yeye mwenyewe alilieneza kutoka Kizanaki). Tafsiri zake za Shakespeare huwekwa kando, kana kwamba zilikuwa burudani ya mtu aliyechoka na kazi ya serikali. Sikubaliani nao, na neno moja latosha kuonyesha sababu.

Mwaka 1969 ilitoka *Mabepari wa Venisi*. Jina la Kiingereza lamtaja mfanyabiashara mmoja, naye ni Antonio. Mfasiri amegeuza umoja kuwa wingi. Tena, badala ya mfanyabiashara au tajiri, amechagua bepari. Kwa asili neno hili halina lawama. Latoka katika lugha za Bara Hindi, na huko maana yake ni mtu afanyaye biashara, basi. Mchunguzi wa asili ya maneno hana la kushtaki. Lakini maneno hayakai yalikozaliwa. Miaka miwili kabla ya hapo Azimio la Arusha lilikuwa limewakataza viongozi wasishiriki katika mambo ya ubepari, na aliyeliongoza taifa katika Azimio hilo ndiye huyu mfasiri. Msomaji wa 1969 aliposikia bepari hakumwona mwenye marikebu, alimwona mnyonyaji.

Hapo ndipo penye shida. Antonio hukopesha bila riba, na hiyo ni sababu moja ya Shylock kumchukia. Katika chuki hiyo wazaliwa mkataba wa ratili ya nyama. Jina la wingi lawatia wote wawili katika kapu moja kabla pazia halijafunguliwa.

Hata hivyo siwezi kuiita tafsiri mbaya. Mali ya Antonio yote iko baharini ikitafuta faida, na Bassanio, amsifupo Portia, huanza na urithi wake. Tena wingi huo wamwondolea Shylock mzigo wa kuwa mkosaji wa peke yake, mzigo ambao watazamaji wa Ulaya walimtwika kwa karne nyingi kwa kuwa ni Myahudi. Huo ni usomaji wenye nguvu. Ninalolalamikia ni mahali ulipowekwa. Hukumu kama hii ingefaa kuandikwa katika dibaji, ambapo msomaji aweza kuipinga. Ikiwekwa juu ya jalada, huipokea bila kujua kwamba kuna aliyehukumu.

Tafsiri ya Kaizari, ya 1963, mfasiri aliirudia, akaisahihisha, ikatoka upya mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Jina la *Mabepari* limebaki kama lilivyotoka.