Ushahidi wa Magofu: Suala la Imani na Dalili katika Al-Inkishafi

Miongoni mwa wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kuna dai moja ambalo hurudiwa mara nyingi kuliko linavyochunguzwa, nalo ni kwamba swali la kuwa imani juu ya Mungu yahitaji ushahidi au haihitaji ni swali la kuazima. Husemwa kwamba lililetwa na vitabu vya Ulaya, na kwamba Mswahili wa kale, sawa na Mwafrika yeyote wa kale, hakupata kulijua. Kitabu cha John Mbiti cha 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika kimesaidia kulieneza dai hilo, kwa sababu humo inashikiliwa kwamba katika jamii za jadi kuwako kwa Mungu kulikuwa jambo lililo wazi kwa kila mtu, hata mtoto hakuhitaji kuonyeshwa. Huenda hilo ni kweli kwa jamii alizozichunguza Mbiti. Ama fasihi ya Waswahili yasimulia habari nyingine, na mahali pa kuitafuta ni katika utungo ambao kila mwanafunzi wa somo hili huusoma na wachache huuhoji, yaani Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir.

Kabla ya kuufikia utungo wenyewe, yafaa kuyatazama maneno. Kiswahili kimepata shahada na ushahidi kutoka mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa kuhudhuria na kuona. Anayetoa shahada ya dini yake hujisimamisha kizimbani kama shahidi, na asiyeona hana la kushuhudia. Imani nayo ina tabia ya pekee. Husemwa kwamba fulani anaamini kuwa jambo fulani ni kweli, na papo hapo husemwa kwamba anamwamini mtu, yaani amemtegemea na yu tayari kumwekea amana. Zaidi ya hayo, mtu akiambiwa kwamba hana imani, aghalabu maana yake ni kwamba hana huruma. Hapana budi kutahadhari hapa, kwani asili ya neno si hoja, na wako wataalamu waliojenga majumba makubwa ya falsafa juu ya msingi wa kamusi. Hata hivyo, mtunzi huchagua maneno yake kutoka ghala hilohilo, na ghala lenyewe halikutenga kuamini na kushuhudia kwa ukuta mnene kama wengi wanavyodhani.

Wala si maneno peke yake. Wanavyuoni wa Kiislamu waliligombania swali hili karne nyingi kabla ya Sayyid Abdalla. Waligawanya dalili mafungu mawili, ya akli na ya nakli, yaani lile lifikiwalo kwa kufikiri na lile lipokewalo kwa mapokezi. Wakauliza iwapo imani ya mtu aliyeipokea kwa kuwaiga wazee wake, bila ya kujua dalili yoyote, ni imani sahihi. Muhammad al-Sanusi wa Tlemcen, katika karne ya 15, alikuwa na msimamo mkali: kila mtu mzima mwenye akili timamu apaswa kuzijua nguzo za itikadi yake kwa dalili, japo kwa muhtasari. Wengine walimpinga, wakaona kwamba msimamo huo ungewatoa katika dini mafundi, wakulima na mabaharia walio wengi. Haidaiwi hapa kwamba Sayyid Abdalla alikuwa na kitabu cha al-Sanusi mbele yake alipotunga. Linalodaiwa ni kwamba alitunga ndani ya utamaduni wa elimu uliolijua swali hili kwa jina lake.

Utungo ni wa mwanzoni mwa karne ya 19, wakati mji wa Pate, uliokuwa umetajirika kwa biashara ya bahari, ulikuwa umekwisha kudhoofika. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe, anauhoji na kuukemea. Kosa la moyo huo ni lipi? Wahakiki wengi hujibu upesi kwamba ni ukosefu wa imani. Jibu hilo halitoshi. Moyo unaosemeshwa haukani kuwako kwa Mungu hata mara moja. Unachofanya ni kuutegemea ulimwengu, na kutegemea huko nako ni aina ya imani: unaamini kwamba mali inadumu, kwamba jumba la leo litakuwapo kesho, kwamba kifo ni habari ya jirani. Na imani hii haina ushahidi wowote.

Hapa ndipo ulinganisho na mwanafalsafa wa Kiingereza, William Clifford, unapofaa. Katika insha yake ya 1877 juu ya maadili ya kuamini, Clifford alisimulia habari ya mwenye meli aliyejua kwamba chombo chake ni kikuukuu na chahitaji matengenezo. Alizinyamazisha shaka zake moja moja, akaruhusu wahamiaji wapakiwe, na chombo kikazama. Clifford alihukumu kwamba mtu huyo ana hatia, na kwamba angekuwa na hatia hata kama chombo kingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Tangu hapo insha hiyo imekuwa silaha ya wale wanaotaka kuiondolea dini uhalali wake. Msomaji wa Al-Inkishafi ataona ajabu: utungo huu pia unaufananisha ulimwengu na bahari iliyochafuka, yenye matumbawe, ambayo anayeipanda hupata hasara. Mtunzi wa Pate na mwanafalsafa wa London wanamshitaki mtu yuleyule, aingiaye baharini kwa matumaini yasiyo na msingi. Ila kwa Sayyid Abdalla mshitakiwa ni mpenda dunia. Yeye ndiye aliyeamini pasipo dalili.

Tashbihi za sehemu hiyo zastahili kusomwa kwa mpango wake, jambo ambalo halifanywi mara nyingi. Kwanza ni bahari, kisha kisima ambacho kila akiendeaye hupigwa pembe na fahali asipate kunywa. Hizo mbili ni tashbihi za hatari. Baada yake huja vumbi lionekanalo katika mwali wa jua, ambalo mkono ukilishika haupati kitu, na mazigazi ambayo mwenye kiu huyaona kuwa maji akayakimbilia. Hizi ni tashbihi za udanganyifu. Mtunzi ametoka katika kusema kwamba ulimwengu unadhuru, akafika kwenye jambo lililo zito zaidi, kwamba ulimwengu unasema uongo, na unausema kwa kupitia macho. Mwenye kiu hakukosa ushahidi. Alikuwa nao, tena wa kuona, na ulimpoteza.

Hapa hoja ya Clifford inaanza kupwaya, na utungo wenyewe unajitia katika matata. Ikiwa jicho ladanganya, kwa nini moyo uyaamini yale ambayo mtunzi anataka kuuonyesha? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliipita njia hiyo katika kitabu alichosimulia jinsi alivyookoka katika shaka. Jicho huiona nyota kuwa ndogo kama dinari, na hesabu huthibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Basi akaacha kuyategemea macho. Kisha akajiuliza ni kitu gani kinachodhamini akili yenyewe. Anasema kwamba hakuponywa kwa hoja zilizopangwa ila kwa nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Katika msamiati wa masufi jambo hilo huitwa kashfi, yaani kufunuliwa, na inkishafi ni neno la mzizi huohuo. Jina la utungo, kwa hiyo, si pambo. Linataja njia ya tatu, isiyokuwa ya kuiga wazee wala ya kupanga hoja: kitu kipo, kimefunikwa, na kinachotakiwa ni pazia kuondoka.

Lakini jinsi Sayyid Abdalla anavyoliondoa pazia ni tofauti na al-Ghazali, na tofauti hii ndiyo inayoufanya utungo kuwa kazi ya sanaa. Hangoji nuru. Anauchukua moyo, anautembeza Pate. Majumba yaliyokuwa yaking'aa kwa taa za bilauri na za shaba, hata usiku ukawa kama mchana, sasa yako gizani. Zidaka zilizochongwa kutani kwa ajili ya sahani za kigeni zimekuwa matundu ya makinda ya ndege. Bundi wanalia, wadudu wanavuma vyumbani, popo wananing'inia. Ndipo yanapofuata maswali juu ya watu, nao wanatajwa kwa majina, wengine wakiwa jamaa wa mtunzi mwenyewe: wako wapi?

Ushahidi huu hauna udhaifu wa mazigazi. Mazigazi huonekana kwa mbali na kutoweka kwa karibu, ilhali gofu hudhihirika zaidi kadiri mtu anavyolikaribia. Mazigazi humdanganya mwenye kiu kwa sababu yanampa anachokitaka. Gofu humpa mtazamaji asichokitaka, na shahidi asemaye jambo lisilompendeza msikilizaji hatuhumiwi kwa urahisi kwamba amenunuliwa. Tena zidaka zinaweza kuguswa, na huko Pate magofu ya majengo ya mawe yapo hadi leo. Mtu aweza kubisha juu ya nuru iliyoingia kifuani mwa mwenzake. Ni vigumu kubisha juu ya kiota kilichomo ndani ya kidaka. Wahakiki wanaozisoma beti hizi kama hati ya historia tu, wakihesabu aina za vyombo na mapambo ya nyumba za waungwana, wanachukua faida ndogo na kuiacha kubwa: vitu hivi vyote vimeitwa kutoa ushahidi katika kesi.

Sasa yafaa kuulizwa swali ambalo wapenzi wa utungo huu hawalipendi. Ushahidi huo umethibitisha nini? Umethibitisha kwamba matajiri wa Pate wamekufa na mali yao haikuwafaa. Kwa hiyo umeivunja imani ya moyo juu ya ulimwengu. Haujathibitisha kwamba kuna hukumu baada ya mauti, wala kuna Moto. Mtu aliyekana kila kitu angeweza kutembea Pate, akayaona makinda yaleyale na kuwasikia bundi walewale, akakubali kwamba kila kiumbe hupotea, na akaishia hapo. Hata hivyo utungo unasonga mbele, kutoka makaburini hadi Siku ya Kiyama, ambapo aliyedhulumu na aliyedhulumiwa watakutana, na kumalizikia katika Moto, ambao unatajwa kwa majina yake: Jahimu, Hutama, Sairi, Ladha, Hawiya. Hapa jicho halina la kufanya. Majina haya ni ya Kurani, nayo yamepokewa. Dalili ya akli imekwisha, na dalili ya nakli imeshika zamu, bila ya mtunzi kutangaza mahali pa makutano.

Je, huo ni udhaifu? Kwa kipimo cha Clifford, ndiyo. Lakini ipo sura fupi ya Kurani, ya 102, yenye aya nane, ambayo inatoa mwanga. Sura hiyo inaanza na watu walioshughulishwa na kushindana kwa wingi wa mali, inapita makaburini, inataja elimu ya yakini, na inaishia kwamba Moto utaonekana kwa jicho la yakini na kwamba watu wataulizwa juu ya neema walizozipata. Mali, makaburi, Moto: mpangilio wa Al-Inkishafi ni huohuo. Na katika sura hiyo kuona kwa jicho ni jambo la baadaye. Anayesikiliza leo ameahidiwa ushahidi, hajapewa. Analopewa leo ni shahidi ambaye nusu ya maneno yake, ile ya mali na makaburi, imekwisha kuhakikishwa kwa zidaka za Pate.

Kadhi anaijua hali hii. Humchunguza shahidi uadilifu wake, na akimwona mwadilifu huyakubali maneno yake katika jambo ambalo kadhi mwenyewe hakuliona. Hilo si sawa na kuona, na ukweli katika habari moja haufanyi habari nyingine kuwa kweli. Lakini pia si upumbavu, na mahakama zote za dunia zingefungwa kama ingekatazwa. Imani inayodaiwa na nusu ya pili ya utungo ni ile ya kumwamini aliyesema, na nusu ya kwanza ilikuwa kazi ya kumwandalia msikilizaji sababu ya kumwamini. Msikilizaji wa Lamu au Pate alikuwa nayo sababu hiyo hata kabla ya ubeti wa kwanza. Msomaji wa darasani leo, ambaye huenda si Mwislamu na huenda haamini lolote, anafika kwenye makutano hayo na kusimama. Ni haki yake kusimama, na mwalimu anayempitisha hapo kwa haraka, akimsifia ufundi wa vina ili asiulize, hamtendei mema mwanafunzi wala Sayyid Abdalla.

Wafasiri wenyewe hawakukubaliana juu ya jambo hili, ingawa hawakulijadili waziwazi. William Hichens, katika chapa yake ya 1939, aliuongezea utungo jina la Kiingereza lenye maana ya kuamka kwa roho. James de Vere Allen, mwaka 1977, akachagua neno la Kikristo litumikalo kwa mafunzo ya dini ya maswali na majibu. La kwanza ladhani kwamba roho ilikuwa nayo dalili ikasinzia. La pili ladhani kwamba jibu limekwisha kuandikwa, na kazi ya mwanafunzi ni kulikariri. Hichens alizisoma vizuri zaidi beti za magofu, na Allen zile za Moto.