Mgonjwa wa Nje Katika Fasihi Yetu

Fasihi ya Kiswahili haikuwasahau wagonjwa wa akili, lakini imewakumbuka kwa namna moja tu. Mgonjwa atokeapo kitabuni, huwa ni ishara ya jambo lililo kubwa kuliko yeye. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein (1971), maradhi ya Kitaru yabeba uzito wa historia ya nchi iliyotawaliwa. Katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), Kazimoto aumizwa na kufikiri mno, hata akajiua. Sikusudii kuvishusha vitabu hivi, maana ni katika vilivyo bora kabisa tulivyo navyo. Nauliza swali moja tu: yuko wapi mgonjwa wa nje?

Mgonjwa wa nje ni yule asiyelazwa. Huhudhuria kliniki, hupewa vidonge, kisha hurudi kwa watu wake. Tuwaze mama mmoja akaaye Mbingu, kwenye njia itokayo Ifakara kwenda Mlimba. Sauti zilizokuwa zikimwita usiku zimenyamaza, na majirani wasema amepona. Lakini ahesabupo madebe ya mpunga, afikapo la nne hupotelewa na hesabu. Aagizwapo mambo matatu, hukumbuka moja. Siku ya kliniki humpita asijue. Huko daftarini huandikwa mtoro. Nyumbani huitwa mvivu.

Utabibu wa leo watufundisha kuwa hiyo si hiari yake. Katika skizofrenia, kudhoofika kwa kumbukumbu, kwa usikivu na kwa uwezo wa kupanga mambo ni sehemu ya maradhi yenyewe, na mara nyingi hubaki hata sauti na hofu zikisha kutulia. Dawa nazo zaweza kuongeza mzigo: ile itolewayo kuzuia mitetemeko iletwayo na dawa nyingine huweza kupunguza kumbukumbu, na fenobabito, dawa ya kifafa, huweza kuifanya akili kuwa nzito.

Bonde la Kilombero lina ushahidi wake. Ng'ambo ya mto, huko Mahenge, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta Wapogoro wenye maradhi hayo wakitengwa na kuogopwa, wengine wakiwa na makovu ya moto walioangukia. Aliwaona pia watoto watikisao kichwa, hali ambayo uchunguzi wa baadaye umeihusisha na ugonjwa wa usubi. Kitabu chake, Call Mama Doctor (1979), si riwaya, wala hakikuandikwa kwa lugha yetu. Hata hivyo, wagonjwa wa bonde letu wamo katika kumbukumbu za mgeni kabla hawajaingia katika riwaya zetu.

Sababu, naona, ni ya umbo zaidi kuliko ya huruma. Kazimoto, pamoja na mateso yake yote, asimulia vizuri. Hapotelewi na neno. Katika Nagona (1990) na Mzingile (1991) Kezilahabi aliukata uzi wa hadithi, lakini aliukata kwa ajili ya falsafa. Mwandishi ajua mahali alipoukata. Mama wa Mbingu hajui. Hatujapata bado msimulizi asahauye jina la mjukuu wake katikati ya sentensi, akaona haya, akanyamaza, pasiwe na fumbo lolote nyuma ya kunyamaza kwake.

Huenda mtu akasema kuwa kusahau ni jambo dogo mno kwa riwaya. Sikubali. Mtu akisahau vidonge, sauti zaweza kurudi. Akisahau siku ya kliniki na kuhesabiwa mkaidi, hata watu wake huchoka naye. Hapo pana msiba wa kutosha kitabu kizima, wala hauhitaji mashetani.

Tena jambo hili latuhusu sisi wahakiki. Anayeandika neno mtoro mbele ya jina la mgonjwa wa namna hii amemsoma mtu vibaya: ameona kutofika, akakisia ukaidi. Nasi twafanya lile lile kila tunapomkuta mgonjwa kitabuni tukakimbilia kuuliza anaashiria nini, kabla ya kuuliza anaumwa nini, na nani atamkumbusha siku yake.