Kilo 40 Nyuma ya Gari

Tairi la Land Cruiser ya kazi, lile la saizi ya 7.50R16, likiwa na rimu yake ya chuma huwa na karibu kilo 40. Kulibeba mara moja kutoka dukani hadi kwenye gari ni kazi ya kijana mmoja, na hakuna wa kumpongeza. Shughuli ni kulibeba mwaka mzima bila kulitumia, kwenye barabara isiyoacha kulirusha, huku dereva akiomba siku ya kulihitaji isifike. Chuma kinacholishika muda wote huo hakina msifiaji. Watu husifu injini, husifu taa za juu, husifu hata mkonga wa kuvutia hewa wa gari ambalo halijawahi kuvuka mto. Kibebeo cha tairi la akiba hutajwa siku kinapokatika.

Ukitaka kujua thamani yake, waulize madereva wa Mikumi. Mji umekaa penye njia panda: barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na mpaka wa Zambia inapita katikati, kusini inachepuka njia ya Kidatu na Ifakara, kaskazini njia ya Kilosa. Barabara kuu imekata Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi, na matuta yake yamemfundisha kila dereva wa basi adabu kwa tembo na swala. Lakini lami haivunji vibebeo. Vinavunjwa na changarawe. Shika njia ya Kilosa kupitia Ulaya (hii yetu, isiyodai viza) wakati wa kiangazi, uone barabara ilivyojikunja kama bati la migongo midogo. Mikunjo ikiwa imeachana sentimita 80 na wewe unakwenda kilomita 60 kwa saa, gari linagongwa kama mara 20 kila sekunde. Hakuna pigo hata moja kati ya hayo linaloweza kukata chuma. Yanakichosha tu, polepole, hadi ufa mwembamba uanze mahali ambapo hakuna anayepatazama. Masika nayo ikija, Mkondoa, mto uliokwisha kung'oa reli ya Kati upande wa Kilosa mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, hauoni tabu kula barabara ya udongo.

Waliounda magari walijua tairi la akiba lina usumbufu, ndiyo maana kila mmoja alilificha kwake. Land Rover za zamani, zile za modeli ya 109, zililibeba juu ya boneti. Kila unapotaka kupima oili unanyanyua tairi pamoja na boneti. Pikapu nyingi hulining'iniza chini kwa mnyororo, pazuri mno mpaka gari linapokwama kwenye tope jeusi la mbuga, nawe ukagundua kwamba unachokihitaji kimelaliwa na gari lenyewe. Wengine hulipandisha kwenye keria. Kilo 40 juu ya paa hulifanya gari liyumbe kwenye kona, na siku ya pancha utamtafuta mtu wa kukupokelea.

Magari yaliyobaki hulitundika kwenye mlango wa nyuma, na hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Chukua mlango ambao kitovu cha tairi kiko sentimita 60 kutoka kwenye bawaba, na bawaba ya juu imeachana na ya chini kwa sentimita 40. Ukiufungua, kilo 40 mara 60, gawanya kwa 40, bawaba ya juu inavutwa kwa kilo 60 ilhali gari limesimama tu mbele ya duka la soda. Ukiufunga, kitasa husaidia, lakini kitasa kiliumbwa kufunga, hakikuumbwa kunyanyua. Barabarani gari likidunda, uzito hujizidisha mara mbili, mara tatu, na mlango wote unapepea kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Wenye Defender wanaujua ufa unaochipukia kwenye kona za mlango wa nyuma, kwani bati lake ni alumini na alumini haisamehe. Kwanza vumbi huanza kuingia ndani. Kisha mlango unahitaji kupigwa bega ndipo ufunge.

Dawa yake inajulikana duniani kote: liondoe tairi mlangoni, lipe mkono wake wenyewe unaofunguka pembeni, na mkono huo ushikwe na chesisi. Waaustralia wamefanya biashara kubwa ya vitu hivi. Kampuni ya ARB, iliyoanzishwa Melbourne mwaka 1975, huuza bampa za nyuma zenye mikono hiyo karibu kila pembe ya dunia. Nimeviona vyao. Ni vizuri, na sitadanganya kwamba vya kwetu vinang'aa kuliko vyao. Ila bei yake ikishasafiri na kontena na kupita bandarini, wengi wetu tunarudi kwa fundi.

Fundi ninayemzungumzia ana banda la mabati si mbali na njia panda ya Mikumi. Dereva wa watalii alimjia na simu mkononi, amefungua picha ya gari la jangwani lenye matairi mawili nyuma, madumu ya mafuta na ngazi. "Fundi, nataka kama hii."

"Kaka, unataka ya picha au ya kazi?"

Mwingine angeshika futi na kuanza kupima tairi. Yeye alitandika boksi chini ya gari, akaingia chali na bisibisi. Alikwangua tope kavu kwenye ncha za chesisi mpaka chuma kikaonekana, kisha akagonga kwa nyundo ndogo, sentimita kwa sentimita, akisikiliza. Palipo na chuma kizima palilia kwa sauti kali. Mahali pamoja upande wa kushoto, karibu na kona ya bampa, palijibu kwa sauti nzito iliyokufa. Akagonga tena hapo hapo, akatoka, akajifuta. "Mkono hatuuweki kushoto. Kushoto kumeliwa na kutu." Dereva alikuwa bado anatazama picha.

Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ufundi wote ulipo. Yanayofuata ni mikono na umeme. Anayechagua kibebeo kwa unene wa bomba au ung'aavu wa rangi anachagua kinachoonekana. Swali la kuuliza, hata kama unanunua cha dukani kilichofungwa kwenye nailoni, ni moja: uzito huu utalala wapi? Fuata kwa kidole kutoka kwenye rimu, ingia kwenye mkono, shuka kwenye ekseli unayozungukia mkono huo, hadi chini. Kidole kikiishia kwenye bati la bodi au kwenye bampa laini ya kiwandani, mshukuru muuzaji uende zako. Kikiishia kwenye chesisi, endelea kuuliza.

Endelea hasa na maungio. Fundi huyu hachomelei kibebeo moja kwa moja kwenye chesisi akikata upana wake, kwa sababu moto wa weldi hukibadilisha chuma kando ya mshono, na chesisi hupenda kupasuka papo hapo. Hutengeneza kiti cha bamba nene, akakifunga kwa bolti za milimita 12 zilizopigwa namba 8.8 kichwani. Na kwa kuwa chesisi ina uwazi ndani, kila tundu hulipenyezea kipande cha bomba chenye urefu sawa na upana wa chesisi, bolti ipite ndani yake. Bila bomba hilo, ukikaza nati unaifinya chesisi. Kesho bolti imelegea na wewe unamlaumu aliyekaza. Ni kitu cha urefu wa kidole, kinafichika milele, na sijawahi kumsikia mteja akikiulizia.

Mkono wenyewe huzungukia kwenye beringi mbili zinazotazamana, za aina ile inayobeba gurudumu la mbele la gari. Ndiyo maana vibebeo vingi vya mafundi wetu huanza maisha kwenye rundo la chuma chakavu, kama habu ya gari lililokufa au ekseli ya trela dogo. Wapo wanaolidharau hilo. Mimi naona ni akili. Habu iliyobuniwa kubeba robo ya gari zima haitashindwa na tairi moja. Zaidi ya hayo, namba ya beringi imepigwa kwenye ukingo wake. Ikiwa ni 30205, ile ya tundu la milimita 25, unaiandika kwenye karatasi na kwenda nayo duka lolote la spea bila kueleza gari lako ni la mwaka gani. Wanaoweka bomba ndani ya bomba na kupaka grisi wanapunguza gharama, lakini nenda uwaone baada ya vumbi la miezi michache: mkono umelala, komeo halikutani na tundu lake, na dereva ananyanyua tairi kwa goti ili aweze kufunga mlango.

Ufundi huu haukuletwa na watalii. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1964. Kabla yake Kilosa ilikuwa na reli tangu enzi za Wajerumani, na mashamba ya mkonge ya Kimamba yalikuwa na korona zao za kuchakata majani. Penye reli na korona pana karakana, na penye karakana pana watu waliojifunza kwamba chuma kilichovunjika leo lazima kifanye kazi kesho asubuhi.

Siku ya kuchomelea, kitu cha kwanza alichofanya fundi ni kuchomoa nyaya za betri. Cha pili, alikibana kibanio cha erthi kwenye kipande kile kile anachochoma, jirani kabisa na mshono. Nikamuuliza kwa nini asibane popote kwenye mkono, chuma si ni kimoja? Akaniambia umeme hutafuta njia ya kurudi, na ukirudia kwenye beringi huacha vidonda vidogo kwenye vyuma vyake. Beringi mpya itanguruma kabla hujafika Kilosa. Rodi zake zilikuwa zimeanikwa juu ya bati tangu asubuhi, maana rodi iliyovuta unyevu hutoa mshono wenye matundu. Kingo za bomba alizichonga kwa grenda mpaka zikaacha mfereji. Akashika pembe nne kwa vidoa vinne vya weldi, akiruka upande hadi upande ili joto lisivute kazi ikapinda. Mshono wa kwanza alitumia rodi ya geji 12, ukazama chini ya mfereji; wa pili geji 10, wa kujaza. Katikati ya hiyo miwili aligonga ganda lote, akapiga brashi, akainama kuangalia kwa miwani ya kusomea. Kijana wake alileta maji kwenye kopo kupoza. Fundi hakupandisha sauti, aliyamwaga tu chini. Chuma cha moto kikimwagiwa maji hukakamaa, na kilichokakamaa hakijui kupinda, hujua kupasuka.

Komeo linastahili sifa zake. Ndani ya hifadhi hushuki ovyo kwenye gari, na pancha ikikupata upande wa miombo, mbung'o watakufikia kabla ya jeki. Unataka komeo la mkono mmoja, linalojikaza lenyewe linapofunga, pamoja na pini ya usalama kwa siku komeo litakapochoka. Mkono ukifunga usigote chuma kwa chuma. Fundi huweka kiti cha mshazari chenye kipande cha mpira kilichokatwa kwenye tairi kuukuu, ukingo wa mkono unapanda juu yake na kubanwa. Hivyo kilo 40 hukaa kwenye miguu miwili, hazining'inii kwenye mmoja. Kama kibebeo kinalia njiani, kinajila.

Mengine ni madogo ila yana uchungu wake. Hesabu nati: Land Cruiser za zamani za mfululizo wa 70 zina 6, nyingi za kazi za kuanzia 1999 zina 5, na kibebeo kilichotobolewa kwa rimu ya jirani hakitakufaa. Tairi lisizibe namba za gari wala taa za breki, maana trafiki hatasikiliza habari za chesisi. Na kimo chake kipimwe kwa anayeendesha. Kibebeo cha juu kinapendeza kwenye picha, lakini dereva wa kike niliyemkuta pale bandani alimwambia fundi akishushe mpaka usawa wa kiuno chake, kwa kuwa ndiye atakayelirudisha tairi peke yake. Fundi alikishusha, akaangalia kwanza kisije kikakwangua ardhi gari linapopanda kutoka korongoni.

Kazi ikiisha, hapaki rangi. Hupaka praima ya kijivu tu, nyepesi, akamwambia mteja aende Kilosa na kurudi, au popote penye changarawe, kisha aje bolti zikazwe upya. Rangi nyeusi nzito huziba ufa. Kwenye praima ufa hujitangaza kwa uzi mwekundu wa kutu. Kukaza na kupaka rangi vimo kwenye bei ile ile, na wengi hawarudi. Wakiona kibebeo hakilii wala hakilegei, wanaendelea na safari zao, na fundi analalamika kwamba barabara zimejaa kazi zake za kijivu ambazo watu wanadhani hazikumalizika.