Mbwa "Safi" na "Mbeba Ugonjwa"

Istilahi mbaya kwa kawaida humchosha msomaji tu. Zipo chache, hata hivyo, zinazoweza kumfanya achukue rungu. Miongoni mwa hizo twaiweka "mbeba ugonjwa", tunayoikuta katika tafsiri za maelezo ya vipimo vya vinasaba vya mbwa.

Tumchukue mfugaji wa Busawe, mkoani Mara. Upande huo wa nchi ugonjwa wa mbwa maana yake ni maambukizi. Vijiji vinavyoizunguka Hifadhi ya Serengeti vimezoea kampeni za chanjo ya kichaa cha mbwa. Na mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua kiasi cha theluthi moja ya simba wa Serengeti, nao mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa kuwa chanzo. Mwambie mfugaji huyo kwamba mbwa wake ni "mbeba ugonjwa", naye yumkini atamwua kabla jua halijachwa.

Kumbe kipimo hakikusema hivyo. Kilisema kwamba mbwa amerithi nakala moja ya jeni yenye kasoro na nyingine nzima. Kwa magonjwa mengi ya namna hii yeye mwenyewe haugui, wala hamwambukizi yeyote. Akipandishwa na mwenziwe aliye katika hali hiyo hiyo, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuugua. Akipandishwa na asiye na kasoro, hakuna atakayeugua. Tena kumwondoa kila mbwa wa aina hiyo katika uzazi ni kupunguza idadi ya wazazi, na wazazi wakipungua, ndugu hupandana, na kasoro nyingine zilizojificha hujitokeza. Neno moja lililotafsiriwa vibaya laweza basi kuleta madhara yale yale ambayo kipimo kilikusudiwa kuyazuia.

Twapendekeza mrithishaji. Atakayepinga kwamba mbwa mgonjwa naye hurithisha atakuwa amesema kweli. Penye shaka, basi, iandikwe mrithishaji mzima.

"Uzalishaji wa ndani" hauhitaji maneno mengi. Mtumishi wa serikali akiusoma atafikiri habari za viwanda na pato la taifa. Upandishaji wa ndugu huelewa kila bwana mifugo, na hudhihirisha kwamba yupo binadamu aliyeamua. Kwa wanyama wa porini, mathalani simba wa kreta ya Ngorongoro, waliobaki wachache baada ya mlipuko wa nzi wafyonza damu mwaka 1962, yatosha kusema kupandana kwa ndugu.

Linalotuudhi zaidi ni "mbwa safi", maana neno hilo lasifu pale linapopaswa kueleza tu. Kinyume cha safi ni chafu. Mbwa wa kijijini, mlinzi wa zizi, amekosa nini? Wala usafi huo si afya. Mbwa wa Dalmatia, wale weupe wenye madoa, walikuwa karibu wote na kasoro ya jeni inayojaza asidi ya yuriki katika mkojo na kuwaletea mawe ya kibofu. Ndani ya mbari yao jeni nzima haikupatikana tena. Mwaka 1973 mtaalamu wa Marekani, Robert Schaible, alimpandisha mmoja wao na mbwa wa mbari ya Pointer mara moja tu, kisha akawarudisha wazao kwa Wadalmatia kizazi baada ya kizazi. Chama kikuu cha kusajili mbwa nchini humo kiliwakubali wazao hao mwaka 2011. Mfasiri wa "safi" atalazimika kuandika kwamba wenye afya ni wale wasio safi!

Mbwa wa mbari moja ni jina lisilosifu wala kutukana. Vinasaba tuliache lilivyo: limeundwa kutokana na nasaba, nalo limekwisha kuzoeleka kwa ajili ya binadamu, hata katika mazungumzo ya mahakamani.

Bado hatujaridhika na jina la dume lililoteuliwa kwa uzazi. "Mbegu" lina kazi nyingi mno. Walimu na mabwana mifugo walioko Tarime na Serengeti watuletee maneno ya Kikurya na Kingoreme yatumikayo kwa fahali na beberu wa namna hiyo, tuone kama lipo linaloweza kuingia katika Kiswahili.