Mkasi na Mzigo wa Mbuni

Mbuni wa arabika haujui kukataa mzigo. Miti mingi ya matunda hudondosha vitunda isivyoweza kuvilisha. Mbuni hudondosha vichache mapema, na tunda likishashika hulilisha hadi liive, hata kwa kunyonya akiba ya matawi na mizizi. Kwenye miteremko ya Ziwa Kivu, kuanzia Kabare na Kalehe hadi kisiwa cha Idjwi, udhaifu huo ndio unaompa mpogoaji kazi.

Chakula cha tunda hutoka kwenye jani. M. G. R. Cannell, aliyechunguza mibuni katika kituo cha Ruiru, Kenya, alikadiria kwamba kila tunda linahitaji takribani sentimita 20 za mraba za jani. Jani pana hufikia mara mbili ya hapo, kwa hiyo pingili yenye majani mawili hulisha matunda manne hivi. Pingili iliyosongamana hubeba zaidi ya kumi.

Hata hivyo, ukubwa wa punje hauamuliwi na jani peke yake. Katika miezi ya mwanzo tunda huvimba kwa maji, kisha ganda la ndani huwa gumu, na punje haiwezi tena kulizidi. Mvua hujenga chumba. Majani hukijaza baadaye. Mti uliozidiwa huacha chumba nusu tupu, na kahawa yake huelea juu ya maji kiwandani inapooshwa. Huko Kosta Rika, Philippe Vaast na wenzake walionyesha mwaka 2006 kwamba matunda yakipunguzwa, punje huongezeka ukubwa na kinywaji huwa bora.

Hasara haiishii kwenye msimu mmoja. Mbuni huzaa kwenye sehemu ya tawi iliyokua msimu uliotangulia, na mzigo mkubwa hunyima ncha chakula. Majani hupukutika, ncha hukauka, kutu ya majani hupata nafasi, na mwaka unaofuata mti hutoa kidogo.

Hakuna mkulima anayeweza kunyofoa matunda moja moja shambani. Hiyo ni kazi ya watafiti. Mpogoaji hupunguza mzigo kabla haujazaliwa. Mavuno yakiisha, wakati wa kiangazi, kabla mvua za Septemba hazijaamsha maua, huondoa matawi makavu, yaliyokwisha kuzaa na yanayoelekea ndani, na huacha maotea machache yenye nguvu. Kila mkato huhitaji uamuzi: tawi linaloahidi maua mengi ndilo linalovutia, na pengine ndilo la kukatwa. Katika mashindano ya Saveur du Kivu waonjaji hupima kikombe. Mkasi hautajwi, ingawa umeshafanya sehemu yake miezi mingi kabla.

Migomba inayopandwa katikati ya mibuni husaidia kwa njia nyingine. Kivuli hupunguza idadi ya maua na kulegeza kasi ya kuiva, ingawa kikizidi mavuno huanguka.

Shina lililozeeka hukatwa sentimita 30 hivi kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame, na machipukizi mapya huchukua nafasi yake. Mti huo hukaa mwaka mmoja au miwili bila mavuno ya maana. Kwa mwenye shamba dogo huo ni muda mrefu, ndiyo maana mpogoaji stadi hukata sehemu ya mashina tu kila mwaka, mengine yakiendelea kuzaa.