Sifa ya Breki

Dereva wa mbio husifiwa kwa mguu mzito. Watu wakimsimulia husema alivyokanyaga mafuta na alivyowatimulia wenzake vumbi. Mimi naona kukanyaga mafuta ni kazi ya yeyote mwenye mguu. Ufundi uko kwenye pedali ya jirani yake, na hakuna gari linalolionyesha hilo waziwazi kuliko gari la kiti kimoja la Formula Ford, daraja la mbio lililozaliwa Brands Hatch, Uingereza, mwaka 1967 na linaloshindaniwa mpaka leo.

Liliundwa kwa ajili ya vijana wasio na fedha nyingi: fremu ya mabomba ya chuma, injini ya Ford ya lita 1.6 iliyotoka kwenye magari ya kawaida ya barabarani, giaboksi ya gia nne, tairi nyembamba. Kanuni zinakataza mabawa. Gari la Formula One hukandamizwa chini na upepo. Hili halina msaada huo. Lina takriban nusu tani, dereva akiwa ndani, na nguvu ya farasi mia na ushei, na kinacholishikiza kwenye lami ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikigusa chini kwa eneo lisilozidi sana kiganja cha mtu mzima. Jinsi unavyoutumia mshiko huo mdogo, ndivyo ulivyo dereva. Ndiyo maana nalipenda.

Unaingia miguu kwanza, umeegemea fremu kwa mikono miwili, unateleza mpaka magoti yapite chini ya usukani. Ukishafika umelala zaidi kuliko ulivyokaa. Fundi anakaza mikanda mpaka pumzi inakuwa fupi. Injini iko mgongoni. Mbele hakuna boneti ya kukuziba: unayaona magurudumu mawili yakiwa wazi, yanavyozunguka na kupanda na kushuka kwenye kila mkunjo wa lami, pamoja na vyuma vyembamba vinavyoyashika. Pedali tatu zimebanana hivi kwamba kiatu cha kawaida kingekanyaga mbili kwa mpigo. Siku niliyojifunza kuliendesha, hapo ndipo nilipotulia kabisa. Kila kitu ninachopaswa kukijua kilikuwa mbele ya macho yangu au kinanigusa mwilini.

Brands Hatch iko Kent, kusini-mashariki mwa London, katika bonde ambako pikipiki zilishindana kwenye majani kabla ya lami kuwekwa mwaka 1950. Saketi yake fupi haifiki kilomita mbili, na dereva mzuri wa Formula Ford huimaliza chini ya dakika moja. Nyingi ya kona zake zina majina ya watu: Graham Hill, Surtees, Clark. Lakini inayompima mgeni ni ya kwanza, Paddock Hill.

Ni kona ya kulia, mwisho wa sehemu iliyonyooka, na inaporomoka. Ukiikaribia, barabara inapanda kidogo kisha inapotea, unakokwenda hukuoni. Unapiga breki kwa nguvu, gari likiwa limenyooka, na hapo ndipo kazi inapoanza. Nishati ya mwendo haiongezeki sawia na kasi: gari lililo kwenye kilomita 160 kwa saa lina nishati mara nne ya lililo kwenye 80, na sehemu kubwa ya hiyo unaigeuza joto kwenye diski za breki kwa muda wa sekunde chache. Wakati huohuo uzito unahamia mbele. Tairi za mbele zinabanwa kwenye lami na kupata nguvu ya kugeuza. Za nyuma zinabaki nyepesi. Ukiondoa mguu kwa pupa, pua inainuka, tairi za mbele zinalegea pale hasa unapozihitaji, na gari linanyoosha kuelekea kwenye kokoto. Ukiendelea kukandamiza huku usukani umeshaukata, nyuma kunataka kutangulia.

Kwa hiyo unaachia kidogokidogo, kadiri kona inavyoingia, kama nahodha anavyolegeza demani upepo ukigeuka: kamba haitoki mkononi hata mara moja. Mwalimu alikuwa amelieleza hilo ubaoni kwa mishale na chaki, na nililielewa kwa akili. Mguu ulilielewa baadaye. Mzunguko mmoja, bila mimi kuukata usukani zaidi, niliachia breki polepole kuliko nilivyozoea, na pua ikaingia yenyewe ndani ya kona. Usukani ukawa mzito na thabiti mikononi, barabara ikaanguka, tumbo likabaki juu, kisha chini ya mteremko mwili ukagandamizwa kitini na gari likawa limeshageuka, linautazama mlima wa kwenda kona ya Druids. Furaha niliyoipata pale sina ya kuilinganisha nayo.

Druids ina darasa lake. Ni kona kali, inataka gia ya pili, na giaboksi hii haikusaidii kuoanisha mizunguko. Basi mguu wa kulia unafanya kazi mbili: sehemu ya mbele ya unyayo inakaza breki bila kutikisika, huku ukingo wake wa nje ukigonga mafuta, mara moja tu, wakati klachi iko chini. Injini inapaza sauti, gia inaingia laini, klachi inarudi. Bila mguso huo mdogo, magurudumu ya nyuma yangelazimika kuivuta injini iliyolala, yangekwama, na gari lingezunguka. Yote hayo hayafiki nusu sekunde, na katika muda huo nguvu iliyo kwenye breki haipaswi kupungua wala kuzidi.

Ayrton Senna alipohamia Uingereza mwaka 1981 kutoka Brazili, alianzia kwenye magari haya. Mbio yake ya kwanza ilikuwa hapahapa, mwezi Machi. Akamaliza wa tano, na kabla mwezi haujaisha alikuwa ameshinda kwenye saketi hiyohiyo. Alikuwa bingwa wa karting, kasi anayo tangu utotoni. Ila karting aliyoizoea haikuwa na gia za kupangua wala uzito unaohama namna hii, na ilimbidi ajifunze kama wengine. Naye Jackie Stewart, bingwa wa dunia mara tatu, alisifika kwa ulaini huu wa mguu: kwa mtazamaji alionekana hana haraka, na alishinda mbio 27 za Grand Prix kati ya 99 alizoanza.

Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, na mashujaa wetu ni akina Joginder Singh na Shekhar Mehta, huyu wa pili akiwa ameishinda mara tano. Ufundi wao ulikuwa kuisoma njia isiyotabirika: tope, pundamilia, mto uliofurika jana. Nauheshimu ule kwa moyo wote. Huu wa saketi una ugumu wa aina nyingine, kwa kuwa kona ni ileile na inarudi tena na tena, na dereva hana cha kulalamikia isipokuwa mguu wake.

Anayetaka kuusikia ufundi huu aende Brands Hatch wakati wa Tamasha la Formula Ford, asimame uzioni karibu na Druids na kuyasahau macho kwa muda. Kwenye magari mengine atasikia injini inakatika, pengo, kisha mngurumo mpya unaoanza kwa kishindo. Kwenye mengine atasikia mguso mfupi wa mafuta gia inapopanguliwa, halafu sauti inashuka na kupanda bila mkato wowote. Ayahesabu hayo, kisha atazame ubao wa nyakati: atayakuta majina ya madereva wake juu.