Twiga na Simba: Hisa Mbili Zisomwe Kuanzia Nyuma

Taarifa ya mwaka ya kampuni ni utanzu wenye kanuni zake, na unastahili uhakiki kama riwaya inavyostahili. Nachukua taarifa za kampuni mbili za saruji: Twiga, yenye kiwanda Wazo, Dar es Salaam, na Tanga Cement ya Pongwe, ambayo mafundi wanaijua kwa jina la Simba. Zote zimo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, Simba tangu 2002, Twiga tangu 2006. Mwalimu wa Bunda aliyepokea kiinua mgongo, au mvuvi wa Musoma mwenye akiba, anaweza leo kununua hisa hizo kwa simu.

Muundo wa taarifa hizi ni uleule kila mwaka. Hutangulia picha na neno la mwenyekiti, hufuata ripoti ya wakurugenzi, maoni ya mkaguzi na majedwali ya hesabu. Mwishoni kabisa huja maelezo, kurasa kwa kurasa za herufi ndogo. Mpangilio huo una nguvu: msomaji hufika kwenye tarakimu akiwa ameshashawishiwa na sauti. Kwa sababu hiyo mimi huanza nyuma.

Huko nyuma ndiko Simba inakoonekana na mgogoro wake. Ilikopa ili ijenge tanuri la pili la klinka (mawe yanayosagwa kuwa saruji), likakamilika mwaka 2016. Riba na uchakavu wa tanuri jipya vikaingia kwenye hesabu kwa pamoja, na kampuni ikaandika hasara. Tanuri linalotajwa mbele kama maendeleo na mkopo unaofafanuliwa nyuma ni tukio moja lililosimuliwa mara mbili. Hata hivyo, tuitendee haki Simba. Uchakavu hauondoi fedha mfukoni mwaka huo. Ni gharama ya zamani inayogawanywa miaka mingi. Ndiyo maana jedwali la mtiririko wa fedha huirudisha, na kampuni huweza kuandika hasara huku fedha taslimu zikiingia. Anayesoma mstari wa faida peke yake hulikosa hilo.

Fani ya Twiga ni nyepesi zaidi. Kwa hesabu za 2021 ilitoa gawio la shilingi 390 kwa kila hisa. Kwa hisa 179,923,100, hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 70. Gawio ndilo tamko pekee katika taarifa nzima lisilopambika: ama fedha zimefika kwa mwanahisa, ama hazikufika. Simba wakati huo ilikuwa na hisa 63,671,045 tu. Kuweka bei ya hisa moja ya Twiga kando ya bei ya hisa moja ya Simba bila idadi hizo ni kupoteza muda.

Kuna pia suala la nafsi. Huyo “sisi” wa taarifa ni nani? Scancem, kampuni tanzu ya Heidelberg, ilishika asilimia 69.25 ya Twiga. Kampuni ya AfriSam ilishika asilimia 68.33 ya Simba. Mwaka 2021 Scancem ilitangaza kununua fungu hilo la AfriSam, mwaka 2022 Baraza la Ushindani likabatilisha kibali cha ununuzi huo, baadaye ununuzi ukapita, na mwaka 2024 Simba ikaingia mikononi mwa kampuni ya Amsons. Katika sakata lote hilo mwanahisa mdogo alikuwa msikilizaji.

Butiama, alikozikwa Mwalimu Nyerere, umiliki wa hisa una uzito wake. Mwaka 1967 Azimio la Arusha lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, na mwaka huohuo serikali ikatwaa sehemu kubwa ya kiwanda cha Wazo kwa niaba ya wananchi. Leo mwananchi anajinunulia hisa mwenyewe, na hana wa kumsomea taarifa.

Hukumu yangu: kwa hesabu za miaka hiyo, mstaafu anayetegemea gawio alipaswa kuchagua Twiga, ilhali Simba ilimfaa mwenye kipato kingine na subira ya kungoja deni lipungue. Wewe unayetaka kununua leo, chukua taarifa mpya za kampuni zote mbili, anza na maelezo ya mikopo, kisha mtiririko wa fedha, na neno la mwenyekiti ulisome mwisho.